Matawi ya Lugha za Kihindi-Kiulaya na Jinsi Yanavyothibitishwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa isimu, na nyote mlioacha shughuli zenu jioni hii kuja kusikiliza habari za lugha, nawashukuru kwa kunialika.

Nilikulia Tanga, hatua chache kutoka duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kigujarati. Mama alipokwenda kununua kitambaa, mzee yule alikikunjua juu ya meza na kukipima kwa fimbo ya yadi, huku akihesabu kwa sauti ya chini: ek, be, tran, char, panch. Kwa wateja alisema Kiswahili kama mwenyeji yeyote wa mji ule, lakini hesabu aliifanya kwa lugha ya nyumbani kwake. Mimi wakati huo ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza Kiingereza shuleni, na neno tran lilinishika kwa sababu mwalimu alikuwa ametufundisha three. Nikaamini kwamba mzee amelichukua kwa Waingereza. Ilipita miaka mingi ndipo nikaelewa kwamba hapakuwa na mkopo wowote: tran, three, trois la Kifaransa, três la Kireno na tri la Kirusi ni neno moja, lililorithiwa na lugha hizo zote kutoka kwa lugha mame moja, iliyosemwa zamani sana kabla mtu yeyote wa ukoo huo hajajua kuandika.

Nimeanza na tran, lakini neno la kutufumbua macho ni saba. Kisanskriti husema sapta, Kilatini husema septem, nasi twasema saba. Mtu akiyapanga maneno hayo matatu mstari mmoja atadhani amepata ndugu watatu, ilhali sote tunajua kwamba saba tumeipata kwa Waarabu, na Kiarabu ni lugha ya Kisemiti, yenye ukoo wake mwingine. Sasa tazameni upande wa pili. Mbili kwa Kilatini ni duo, na kwa Kiarmenia ni erku. Kwa sura hayakaribiani kabisa, lakini ni maneno ya ukoo mmoja bila shaka yoyote, kwa sababu sauti dw zilizokuwa mwanzoni mwa neno katika lugha mame hugeuka erk katika Kiarmenia, wala si katika neno hili pekee. Neno erkar, lenye maana ya kitu kirefu, limepita njia hiyohiyo kutoka kwenye mzizi ulioanza na dw. Kwa hiyo saba na septem yanafanana, na mfanano wao haututhibitishii kitu. Erku na duo hayafanani, na udugu wao unathibitika. Mwanaisimu hatafuti sura zinazofanana. Anatafuta ulinganifu wa sauti unaojirudia kwa utaratibu katika neno hili na lile na lile.

Tarehe 2 Februari 1786, William Jones, hakimu Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kolkata, aliwaambia wenzake wa Jumuiya ya Asia kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vina uhusiano mkubwa mno kiasi kwamba haviwezi kuwa vimefanana kwa bahati, bali vimetoka kwenye chimbuko moja ambalo huenda halipo tena. Hakuwa wa kwanza kuona hivyo, kwa maana padri Mfaransa, Gaston-Laurent Coeurdoux, alikuwa amekwisha kuandika kutoka kusini mwa India kuhusu mfanano huohuo, lakini hotuba ya Jones ndiyo iliyosikika. Mwaka 1813 Thomas Young akaipa familia hiyo jina la Kihindi-Kiulaya, na mwaka 1816 Franz Bopp akachapisha uchambuzi wa kwanza wa kina wa vitenzi vyake. Tangu hapo hakuna aliyetilia shaka kwa uzito kwamba familia ipo. Lakini kujua kwamba watu fulani ni wa ukoo mmoja ni jambo moja, na kujua nani na nani ni wa tumbo moja ni jambo jingine, gumu zaidi, na hilo la pili ndilo nililokuja kulizungumza.

Kwa hesabu ya kawaida familia hii ina matawi makuu kumi. Mawili yamekufa, nayo ni Kianatolia na Kitokaria. Yaliyo hai ni Kihindi-Kiirani, Kigiriki, Kiarmenia, Kialbania, Kiitaliki ambacho kilichobaki nacho ni Kilatini na watoto wake, Kikelti, Kigermaniki, na Kibalti-Kislavi. Karibu nusu ya watu wote duniani leo huzungumza moja ya lugha za matawi hayo tangu utotoni. Nimeyataja kwa haraka makusudi, kwa sababu kuyakariri majina hakumsaidii mtu. Linalofaa kuulizwa ni kwa haki gani mtaalamu anasema kwamba lugha hizi ni tawi moja na zile ni jingine.

Naomba kulieleza jambo hili kwa mfano wa tenzi zetu. Tenzi nyingi za Lamu na Pate zilinakiliwa kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu, kizazi hata kizazi. Ukikuta nakala mbili zenye ubeti uleule ulio sahihi, hujajua lolote kuhusu uhusiano wao wa karibu, maana kila mnakili mwangalifu angeuandika vivyo hivyo. Lakini ukikuta nakala mbili zina kosa lilelile, mahali palepale, na kosa hilo si la aina ambayo kila mtu angeifanya, unajua kwamba zote mbili zimetoka kwenye nakala moja iliyokuwa imekosea kabla yao. Lugha nazo ni hivyo. Kitu cha kale kilichohifadhiwa na lugha mbili hakizifanyi kuwa tawi moja. Kinachozifanya tawi moja ni badiliko lililozipata zikiwa bado ni lugha moja, na ambalo ndugu zao wengine hawakulipata. August Leskien aliliweka wazi jambo hili mwaka 1876, na Karl Brugmann akalikazia mwaka 1884. Kanuni ni fupi kuitamka, ila kuishika ni kazi, na wataalamu wakubwa wameteleza.

Mtelezo mashuhuri kuliko yote ulitokana na neno la mia. Kilatini kilisema centum, na c yake ilitamkwa k. Kigiriki kilisema hekaton, na Kiwelisi husema cant. Upande wa mashariki Kisanskriti kilisema shatam, lugha ya Avesta, yaani ya maandiko matakatifu ya kale ya Kiirani, ilisema satem, Kiajemi cha leo husema sad, Kilithuania shimtas, Kirusi sto, na yule mzee wa duka letu alisema so. Mwaka 1890 Peter von Bradke akaigawa familia nzima sehemu mbili kwa kigezo hicho: lugha za kentum magharibi na lugha za satem mashariki. Mgawanyo ulipendeza kwenye ramani, ukaingia vitabuni, na hadi leo wapo wanafunzi wanaofundishwa kwamba hayo ndiyo matawi mawili makuu. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, zikapatikana hati za Kibudha katika bonde la Tarim, magharibi mwa China ya leo, na mwaka 1908 Emil Sieg na Wilhelm Siegling wakatangaza kwamba lugha yake ni ya Kihindi-Kiulaya. Ndiyo tunayoiita Kitokaria. Ilikuwa imesemwa mbali sana mashariki, na neno lake la mia lilikuwa kante.

Kitokaria kilishangaza kwa sababu ya ramani, lakini hoja ilikuwa na kasoro hata kabla hakijafukuliwa. Lugha za kentum hazikufanya chochote na ile k ya neno la mia. Ziliibakiza k, na kubaki na kitu si badiliko. Ni nakala zenye ubeti sahihi. Kwa hiyo hakuna tawi la kentum, wala halikupata kuwapo. Upande wa satem angalau pana badiliko, lakini ni badiliko la aina rahisi. Sauti ya k ikisukumwa mbele kwenye kaakaa huelekea ch, sh au s katika lugha nyingi duniani, na sisi wenyewe tunalifanya kila siku: twasema kitu na kisu, lakini ki ikikutana na irabu twasema chakula, chombo, cheo. Kilatini chenyewe kilichotoa jina la kentum kilizaa Kifaransa, na Kifaransa leo hulisoma neno cent kwa s. Hakuna anayedai kwamba Kifaransa kimehamia tawi la Kirusi.

Mfano mwingine upo vinywani mwetu, na kwangu ndio mtamu kuliko yote. Neno Sindhu la Kisanskriti maana yake ni mto, na hasa ule mto mkubwa wa kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi. Waajemi wa kale walilitamka Hindu, kwa kuwa katika lugha za Kiirani s iliyotangulia irabu iligeuka h. Ndiyo maana sapta ya Kisanskriti ni haft kwa Kiajemi, na juma ni hafta. Kutoka kwa Waajemi jina likapita kwa Waarabu likawa Hind, na kutoka kwao likafika pwani yetu. Tunaposema Mhindi, au Bahari ya Hindi, au mahindi tunayosaga unga wa ugali, tunatamka h iliyozaliwa Uajemi zaidi ya miaka 2500 iliyopita. Wagiriki wa Ionia, pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, walilipokea jina hilohilo, na kwa kuwa wao walikuwa wameacha kutamka h, wakasema Indos, ndipo Ulaya wakapata India.

Sasa, Wagiriki nao walikuwa wamegeuza s kuwa h katika maneno yao wenyewe, na saba yao ni hepta. Je, Kigiriki na Kiirani ni ndugu wa tumbo moja? Hapana, na uthibitisho wake ni mzuri kuufuata. Kisanskriti ndicho ndugu wa karibu kabisa wa lugha za Kiirani, kwa ushahidi nitakaoueleza punde, na Kisanskriti kimebaki na s yake. Kwa hiyo Kiirani kiligeuza s kuwa h baada ya kuachana na Kisanskriti, ambapo Kigiriki kilikuwa kimekwisha kwenda zake siku nyingi. Badiliko limetokea mara mbili, mbali mbali, na hata mara ya tatu: mzee kwa Kiayalandi ni sean, na kwa Kiwelisi ni hen, ingawa zote mbili ni lugha za Kikelti.

Ushahidi wa kwamba lugha za Kihindi na za Kiirani ni tawi moja ni wa aina nyingine kabisa. Lugha mame ilikuwa na irabu e, o na a, kama zilivyobaki katika Kigiriki na Kilatini. Katika Kihindi-Kiirani zote tatu zilimezwa na a. Kilatini husema est, Kigiriki esti, lakini Kisanskriti na Avesta husema asti. Wataalamu wa mwanzo waliamini kwamba Kisanskriti ndicho kilichohifadhi hali ya kale na kwamba Wagiriki ndio waliozidisha irabu, hadi miaka ya 1870 walipoliangalia kwa makini neno dogo la kuunganishia. Kilatini husema que, na Kisanskriti husema cha. Kwa nini ch? Konsonanti ya aina ya k haina sababu ya kugeuka ch mbele ya a, lakini mbele ya e sababu ipo. Maana yake ni kwamba hapo palikuwa na e. E ile ikaivuta konsonanti ikawa ch. Kisha e yenyewe ikageuka a, ikaacha nyuma ch kama unyayo wa mtu aliyekwisha kuondoka. Lugha za Kiirani zina unyayo huohuo. Hatua mbili, kwa mpangilio uleule, na matokeo yaleyale: huo si mfanano wa bahati. Ndani ya tawi hilo wamo Kigujarati, Kikachi na Kipunjabi vinavyosemwa majumbani Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, na Kibaluchi kinachosemwa Omani, na zimo pia lugha chache za milima ya Nuristan nchini Afghanistan ambazo wengi sasa wanaziona kuwa kitawi cha tatu, si za Kihindi wala za Kiirani.

Kuna jambo moja ambalo msemaji wa Kiswahili huliona upesi kuliko mtu mwingine, nalo ni la mikopo. Meza yetu ni mesa ya Wareno, shule ni ya Wajerumani, gari na laki zimetoka India, na maneno ya Kiarabu hayahesabiki. Lakini ngeli zetu, viambishi vya vitenzi na maneno ya mwili na maumbile yanashuhudia kwamba Kiswahili ni Kibantu. Tumelazimika kuirudia hoja hiyo mara nyingi mbele ya watu waliopima lugha kwa idadi ya maneno ya kigeni. Waarmenia walipatwa na hali hiyohiyo. Kwa kuwa walitawaliwa na kuzungukwa na Waajemi kwa karne nyingi, lugha yao ilijaa maneno ya Kiirani, na wanaisimu waliiweka katika tawi la Kiirani. Mwaka 1875 Heinrich Hübschmann akayatenga matabaka. Maneno yenye alama za mabadiliko ya Kiirani akayaweka kando kama mikopo, na tabaka lililosalia chini yake, lenye maneno kama hayr, yaani baba, na lile erku tulilokwisha kuliona, likafuata sheria zake lenyewe. Kiarmenia kikatambuliwa kuwa tawi linalosimama peke yake, na hukumu hiyo haijatenguliwa hadi leo.

Naja sasa kwenye Kianatolia, tawi la Kihiti, lililoibadili taaluma nzima. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alikuwa akizisoma mbao za udongo zilizofukuliwa Boğazköy nchini Uturuki, mji mkuu wa kale wa Wahiti. Maandishi yalisomeka kwa sauti, lakini lugha haikujulikana. Akafika kwenye sentensi hii: nu NINDA-an ezzatteni watar-ma ekutteni. NINDA ni alama ya Kisumeri ya mkate, hivyo ikajulikana kwamba habari ni ya chakula. Penye mkate hutegemewa kula, na ezzatteni ikamkumbusha essen ya Kijerumani na edo ya Kilatini. Tena likaja watar, ambalo mtu yeyote anayejua water ya Kiingereza halimpiti. Sasa mtakula mkate, tena mtakunywa maji. Ndivyo Kihiti kilivyorudi katika ukoo wake baada ya kunyamaza zaidi ya miaka 3000.

Kihiti kilikuwa na sauti ambayo haikuonekana kwa ndugu zake. Mbele kwa Kihiti ni hanti, penye ante ya Kilatini. Mfupa ni hastai, penye osteon ya Kigiriki. Ferdinand de Saussure, akiwa kijana wa miaka 21, alikuwa amekwisha kubashiri kwa hesabu ya irabu peke yake kwamba lugha mame ilikuwa na sauti fulani zilizopotea, na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba h hiyo ya Kihiti imekaa pale pale Saussure alipoziweka. Sijaona katika taaluma yetu ushindi mkubwa kuliko huo. Hata hivyo, kumbukeni kanuni. Kuibakiza sauti ya kale hakukifanyi Kianatolia kuwa kimejitenga mapema. Hoja inayoweza kusimama ni nyingine: je, matawi yaliyosalia yana badiliko la pamoja ambalo Kianatolia hakina? Wengi huitaja jinsia ya kike. Kihiti hugawanya nomino zake mbili tu, za jumla, yaani za kiume na kike pamoja, na zisizo za kiume wala kike, ilhali Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vina jinsia tatu. Ikiwa jinsia ya kike iliundwa na hao wengine wakiwa bado pamoja, basi Kianatolia kilikuwa kimekwisha kuondoka. Ikiwa Kihiti kilikuwa nayo kikaipoteza, hoja inaanguka. Mimi niko upande wa wale wanaoamini kwamba kiliondoka kwanza, na ndio wengi, lakini wanafunzi wajue kwamba uzito wote wa hoja umelala juu ya swali hilo la nani alibadilika.

Mabishano mengine ni ya namna hiyohiyo. Kibalti na Kislavi hushirikiana mambo mengi, kuanzia mkazo wa maneno hadi msamiati wa mwili: mkono ni ranka kwa Kilithuania na ruka kwa Kirusi, kichwa ni galva na golova. Antoine Meillet alikataa mwaka 1908 kwamba ni tawi moja, lakini wataalamu wengi sasa wanalikubali. Kiitaliki na Kikelti vina ushahidi mchache zaidi, ila mmoja wake ni wa kufikirisha. Tano katika lugha mame ilianza na p, kama mzee wetu alivyosema panch, lakini Kilatini kikasema quinque na Kiayalandi cha kale kikasema cóic, sauti ya mwanzo ikiwa imevutwa ikafanana na ile ya katikati. Kosa moja, katika nakala mbili.

Mwaka 1872 Johannes Schmidt aliupinga mti wa ukoo uliochorwa na August Schleicher, akasema mabadiliko huenea kama viwimbi vya jiwe lililotupwa majini, yakipita kwa jirani hata asiye ndugu wa karibu. Aliyewahi kusafiri kutoka Lamu hadi Unguja akisikiliza Kiamu kikigeuka kidogo kidogo hadi Kimvita, na kuendelea, anaelewa alichokuwa akisema. Mti na viwimbi vyote vinahitajika, na mahali panapodhihirisha hilo ni Kigermaniki. Don Ringe, Tandy Warnow na Ann Taylor walipochapisha mwaka 2002 mti uliokokotolewa kwa kompyuta, Kigermaniki ndicho kilichokataa kutulia kwenye tawi lolote, kana kwamba kilianza upande mmoja kikaenda kuishi na majirani wa upande mwingine. Ukisema kwa Kigothi, lugha ya kale ya Kigermaniki, kwamba umewapa kitu mbwa mwitu, neno ni wulfam, lenye m mwishoni. Kilithuania nacho kina m, vilkams, na Kislavi cha kale vivyo hivyo. Kisanskriti mahali hapo kina bh, vrikebhyas, na Kilatini kina b katika miisho ya namna hiyo. Wapo wanaosema m ni badiliko lililoenea kaskazini mwa Ulaya kutoka jirani hadi jirani. Wapo wanaosema lugha mame ilikuwa na miisho yote miwili kwa kazi tofauti, kila upande ukachagua wake. Ikiwa hawa wa pili wamesema kweli, m ile haihusiani na udugu wala ujirani. Bado wanabishana, na mimi nami nina maoni yangu, ambayo nitayatoa tukifika kwenye maswali.